Chupa Sita kwa Siku

Mama Pacha alikuwa bado anajipangusa ule utelezi wa baridi waliompaka tumboni kwa kipimo cha picha, daktari alipomwambia kwamba ini lake lina mafuta.

"Mafuta ya nini?" aliuliza.

"Mafuta tu, mama. Yamejikusanya kwenye ini. Si mengi, wala si jambo la kukulaza kitandani, lakini usiyaache yaendelee."

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo kuliko wake, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza kila alipoinama kuandika. Alimwambia apunguze sukari na vitu vya kukaanga, atembee angalau nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Kuhusu kichomi kilichompeleka pale, kile kilichombana ubavuni kila alipoinamia meza ya kukatia, daktari alisema ni misuli tu, ni kazi ya kuinama. Mama Pacha akakaa akisubiri kuandikiwa dawa. Daktari akafunika kalamu.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mama. Miezi mitatu."

Alitoka pale roho juu juu. Neno "mafuta" halikumsumbua sana. Lililomsumbua ni "ini". Alipokuwa na miaka kumi na miwili alimwona mama yake mzazi akivimba tumbo mwezi baada ya mwezi, mpaka nguo zote zikamkataa likabaki gauni moja pana la kulalia. Watu wazima walinong'ona ukumbini kwamba ni ini, na mama akafa kabla mvua hazijakatika. Hakuna aliyemweleza ini lilifanya nini. Miaka thelathini na sita baadaye, akiwa na watoto mapacha waliokwishaondoka nyumbani na cherehani mbili za kwake mwenyewe, bado hakuwa amemuuliza mtu. Wala hakumtajia daktari habari ya mama yake. Angeanzaje?

Kwa kawaida Mama Pacha hakuwa mtu wa kutulia. Ushonaji ni kazi ya kukaa, lakini yeye aliifanya kama kuku anayetafuta pa kutagia: anashona pindo, anainuka kuangalia pasi, anarudi, anakumbuka vifungo, anatoka mlangoni kuona nani anapita. Baada ya siku ile ya kliniki ilizidi. Alijipima kiuno kwa futi asubuhi, akajipima tena mchana. Alibonyeza upande wa kulia chini ya mbavu kama mtu anayechagua parachichi. Miezi mitatu! Miezi mitatu ya kukaa na kitu hicho ndani, huku akiambiwa atembee.

Aliyemwokoa, au hivyo ndivyo alivyoona wakati ule, ni Msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha pili kutoka chumba cha cherehani za Mama Pacha, ukuta mmoja tu kati yao, na kwa miaka minane walikuwa wakiazimana kila kitu kuanzia moto wa pasi hadi siri.

"Shoga, ini unalisafisha tu," alisema Msusi, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja. "Mimi mwenyewe nilifanya mwaka jana. Siku kumi, juisi tupu. Hutii kitu kingine mdomoni. Uchafu wote unatoka. Niliamka siku ya kumi na moja nikawa kama nimezaliwa jana."

"Siku kumi tu?"

"Kumi. Chupa sita kwa siku. Nitakuingiza kwenye kundi."

Siku kumi. Kitu chenye mwanzo na mwisho, kama oda. Mama Pacha alihisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza wiki ile. Jioni hiyohiyo aliingizwa kwenye kundi la simu lenye wanawake sitini na jina la Mwili Mpya, akapewa mpangilio. Asubuhi chupa ya kijani ya tango, mchicha na tufaha. Saa nne, karoti na chungwa. Mchana, kiazisukari chekundu, yaani bitiruti, na tufaha tena. Alasiri, nanasi na tangawizi. Jioni, tikiti. Kabla ya kulala, ndimu na asali kwenye maji. Chai marufuku. Chumvi marufuku. Kutafuna marufuku.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa majokofu, na la nyumbani kwake alilijua kama mgongo wake mwenyewe. Alilifungua akitafuta mayai.

"Mke wangu, friji hii nimeifufua mara tatu. Haijawahi kulishwa majani namna hii. Tunafuga sungura?"

"Nasafisha mwili."

"Umeoga leo asubuhi."

"Ndani, Baba Pacha. Nasafisha ndani."

Hakumwambia habari ya ini. Alisema ni unene tu, na yeye akanyamaza, kwa kuwa hilo ni jambo ambalo mume mwenye akili haliungi mkono wala halipingi.

Siku ya kwanza alikuwa shujaa. Aliwatangazia wateja, akapokea pongezi, akanywa chupa zake kwa saa kama askari. Siku ya pili kichwa kilimgonga tangu alfajiri hadi jua kuzama, maana alikuwa mtu wa vikombe vinne vya chai na sasa hana hata kimoja. Kundi likamwambia avumilie, hiyo ndiyo sumu inaanza kung'oka. Siku ya tatu kichwa kiliachia, akawa mwepesi ajabu. Alishona sketi mbili kabla ya saa tano, akapangua kabati lote la uzi na kulipanga upya kwa rangi, akafua mapazia. Alizungumza bila kituo. Alijiona anaona mbali, kama mtu aliyefutiwa kioo. Jioni, Baba Pacha alipokaanga mayai yake mawili, yeye alisimama mlangoni mwa jiko akinusa, mguu mmoja ndani mmoja nje, akashindwa kuingia wala kuondoka.

"Njoo ule, mama."

"Sitaki."

"Basi kaa."

"Siwezi kukaa."

Siku ya nne, chooni, aliona mkojo wake ni mwekundu. Si wa njano iliyokolea. Mwekundu hasa, wa waridi lililoiva. Alishika ukuta. Kisha akajisitiri na kwenda kwa Msusi akimwita pembeni kwa ishara.

"Damu," alinong'ona.

Msusi alimkumbatia. Alikuwa anafurahi kweli, macho yalimng'aa. "Si damu, shoga! Ndiyo uchafu huo! Umeona? Wengine hawaupati kabisa. Lako ini lilikuwa limechafuka sana."

Maneno yale yalimtuliza kwa dakika kumi hivi, kisha yakamgeukia. Kama kulikuwa na uchafu wa rangi ile ndani yake, ulikuwemo kwa muda gani? Mama yake naye alikojoa vile? Alirudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali, akainuka. Alienda kuchungulia tena chooni bila hata haja.

Siku ya tano ndipo alipokata kitambaa cha Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mteja wake wa miaka mingi, mama mrefu aliyenyooka, aliyekuwa anastaafu baada ya kufundisha hesabu maisha yake yote. Alikuwa ameleta kitambaa cha kijani kizito, chenye kung'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili. Marehemu dada yake alikuwa amemnunulia safarini, naye Mwalimu akakihifadhi sandukuni miaka tisa, hana moyo wa kukigusa. Sasa alitaka avae siku ya kuagwa shuleni. "Hakuna kingine kama hiki, Fundi," alikuwa amesema, akikikunjua mezani kwa viganja. "Nakuamini."

Kazi ya namna hiyo Mama Pacha angeifanya amefumba macho. Unakunja kitambaa mara mbili, unakata, unapata kipande cha kulia na cha kushoto kwa mpigo mmoja. Lakini kitambaa hiki kikikunjwa, upana wake haukuutosha mfano wa karatasi, kwa hiyo ilibidi akate kipande kimoja kimoja, akigeuza karatasi upande wa pili. Saa nane mchana, baada ya chupa nyekundu, mikono ilikuwa ikimtetemeka kidogo kidogo, na pembezoni mwa macho palikuwa na kitu kama vumbi linalocheza. Akachora chaki. Akakata. Akahamisha karatasi, akachora, akakata. Mkasi ule mkubwa ulipita kwa mlio wake mtamu.

Alipoviweka vipande pamoja, vyote viwili vilikuwa vya kulia.

Alivigeuza. Akavigeuza tena, kana kwamba vingejirekebisha kwa kuona aibu. Hakuwa amegeuza karatasi. Ukitaka kimoja kiwe cha kushoto, upande uliofifia unakuja nje. Kitambaa kilichobaki kilitosha mikono na kola, hakikutosha mwili. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi aliwahi kuunguza kwa pasi, aliwahi kukosea zipu, lakini kosa hili ni la mtu wa wiki ya kwanza. Alikaa chini, kwa mara ya kwanza siku ile, sakafuni penyewe, katikati ya vipande vya uzi.

Angeweza kudanganya. Alifikiria kusema kitambaa kilikuwa na tundu, au panya. Kisha akachukua simu akampigia Mwalimu, akamwomba aje kama ana nafasi, akakata kabla hajaulizwa kwa nini.

Mwalimu alifika na mkoba wake kwapani. Aliviangalia vipande vile kwa muda mrefu bila kuvigusa. Mama Pacha alisema yote bila kupumzika: siku tano, juisi, mikono, karatasi.

"Hujala siku tano," alisema Mwalimu.

"Nakunywa. Chupa sita."

"Ungeniambia ulikuwa umelewa ningeelewa. Pombe naijua, mume wangu alikuwa anakunywa. Lakini umelewa juisi, Fundi?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Dada yangu alikibeba kitambaa hiki magotini safari nzima ili kisikunjike."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijui kama naweza leo." Akaokota mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Na kwa nini unafanya hivyo? Wewe si mjinga."

Mama Pacha alifungua mdomo aseme ni unene. Badala yake kikatoka kitu kingine. "Mama yangu alikufa kwa ini. Na mimi wameniambia langu lina mafuta. Na leo ni siku ya pili nakojoa damu."

Mwalimu alimtazama. Akarudi ndani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba miguuni.

"Mumeo anajua?"

"Hapana."

"Mpigie."

Baba Pacha alikuja na shati la kazi likinuka gesi na grisi, bisibisi bado mfukoni. Hakuuliza mengi. Aliposikia neno damu alimshika mkewe mkono juu ya kiwiko na hakuuachia mpaka kwenye benchi la kliniki. Alichosema njiani ni kimoja tu: "Miaka ishirini na sita tunalala pamoja, na mimi naambiwa habari za ini lako na mwalimu wa hesabu."

Daktari alikuwa yule yule. Alipima mkojo kwa kijiti chenye rangi, akapima sukari, akapima presha, ikawa chini. Kisha akauliza alichokula. Mama Pacha akataja chupa moja moja, na alipofika kwenye ile ya mchana, daktari aliinua kichwa.

"Kiazisukari chekundu? Kila siku?"

"Kila siku."

"Mama, hiyo si damu. Hakuna damu kabisa hapa, kijiti kingeonyesha. Hiyo ni rangi ya kiazi. Watu wengine inawapitia hivyohivyo na kutoka. Hata kama ungekuwa na ini la mtoto mchanga, ungekojoa vile."

Baba Pacha alitoa pumzi ndefu kama tairi. Mama Pacha hakucheka. Alitaka kujua kama basi uchafu ulikuwa unatoka na rangi zingine.

"Uchafu upi?" aliuliza daktari kwa upole. "Kazi hiyo ini na figo vinaifanya usiku na mchana, ukila, usipokula. Juisi haivisaidii kusafisha. Na kwako wewe ndiyo kabisa. Nilikuambia upunguze sukari. Kwenye chupa moja unakamua machungwa mangapi?"

"Manne. Na karoti."

"Ungeweza kukaa ukatafuna machungwa manne mfululizo?"

"Ningeshiba la pili."

"Ndiyo. Ukikamua, makapi yanatupwa na sukari inabaki. Sukari nyingi ya matunda inaenda wapi? Inaenda kwenye ini, na ini likizidiwa linaigeuza mafuta." Akairudisha miwani juu. "Kula matunda, mama, sisemi usile. Yale na makapi yake. Ila siku kumi za juisi tupu, bila maharage, bila yai, bila chumvi, ndiyo hiyo mikono inatetemeka."

"Nimepungua kilo tatu," alisema Mama Pacha, kama mtu anayetoa ushahidi wa mwisho.

"Nyingi ni maji. Zitarudi wiki hii, usishtuke."

Alitaka kuinuka, akashindwa. Baba Pacha alikuwa bado amemshika. Ndipo akamweleza daktari habari ya tumbo la mama yake, gauni la kulalia, na minong'ono ya ukumbini. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, akirudi nyuma mara mbili. Daktari aliacha kuandika akasikiliza, kisha akauliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: mama alikuwa na umri gani, macho yalikuwa ya njano, alikuwa anakunywa pombe, kuna ndugu mwingine aliyeumwa vile.

"Hili ungeniambia siku ile," alisema. "Yapo magonjwa ya ini yanayoweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tangu kuzaliwa. Tutachukua damu leo tupime. Sisemi unayo. Nasema tuache kubahatisha."

Majibu yalichukua siku sita, na siku hizo zote alikuwa kiguu na njia. Alikula, hilo alilifanya. Wali na maharage ya kwanza alikula amesimama, akatokwa na machozi, akasema ni pilipili, na pilipili haikuwemo. Lakini hakukaa. Alienda dukani mara nne kutafuta bitana ya rangi ya kijani. Baba Pacha aliacha redio kila jioni ili amfuate katika nusu saa yake ya kutembea, akilalamika kwamba huyu hatembei, anakimbia polisi.

Msusi ndiye aliyekuwa mgumu kumkabili. Mama Pacha alimwambia asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, wamesimama mbele ya milango yao. Alimweleza kiazi, sukari na ini.

"Kwa hiyo mimi nilikutilia sumu," alisema Msusi.

"Sijasema hivyo."

"Mimi nilipona, shoga. Nilijisikia vizuri, hilo daktari wako hawezi kuniondolea."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

Msusi alifikiri, akashika kiuno. "Nilikuwa mzito. Nilikuwa nimechoka. Ulikuwa ule mwaka baba watoto alipoondoka." Akatazama barabarani. "Zile siku kumi nilikuwa na kitu cha kufanya kila baada ya saa mbili."

Mama Pacha alitaka kumgusa bega, akachelewa. Msusi alikuwa tayari anafungua kufuli. Kwenye kundi Mama Pacha alijitoa bila kuaga. Yeye na Msusi walibaki wanasalimiana vizuri na kuazimana pasi, lakini siri zilipungua ukutani pale.

Majibu ya damu yalikuja safi. Ugonjwa ambao daktari alikuwa anautafuta haukuwemo. Mama Pacha aliyasoma yale maneno mara tatu, akamuuliza daktari basi mama yake alikufa kwa nini hasa, na daktari akasema kwa masikitiko kwamba hilo hakuna karatasi ya kulijibu tena.

Gauni la Mwalimu alilishona kwa siku tisa. Kile kipande cha pili cha kulia alikigeuza upande uliofifia ukaja nje, kisha akaiga kosa lile kwa makusudi: mkono mmoja unang'aa, mmoja umefifia, kola hivyohivyo, mpaka ikaonekana kwamba kuna mtu aliyekaa akawaza. Mwalimu alilijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, huku na huku.

"Sivyo nilivyoagiza," alisema.

"Najua."

"Dada yangu angelicheka." Alilivaa siku ya kuagwa. Hakusema amesamehe, ila mwezi uliofuata alileta sketi ya kupunguza urefu, akauliza kwanza kama Fundi ameshakula.

Kilo tatu zilirudi, kama alivyoambiwa, na hata akiwa ameonywa zilimuudhi. Miezi mitatu ilipotimia alipakwa tena ule utelezi wa baridi. Daktari aliuzungusha mkono tumboni, akitazama kioo cha mashine, na Mama Pacha akatazama uso wa daktari.

"Yamepungua kidogo," alisema daktari.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, mama. Ni vizuri. Endelea hivyohivyo."

"Mpaka lini?"

Daktari alitabasamu. "Hivyohivyo tu. Rudi baada ya miezi sita."

Nje, Baba Pacha alikuwa amesimama akisubiri, na uso wake uliuliza kabla ya mdomo.

"Yamepungua kidogo," alimwambia, na hapohapo akaanza kutembea, akishika njia ndefu ya nyuma ya soko, upande usio wa nyumbani.

"Mama Pacha! Si amesema vizuri?"

"Amesema vizuri."

"Sasa unakimbilia wapi?"

Mama Pacha alipunguza mwendo kidogo ili mumewe amfikie.